Gurudumu la Baiskeli ya Hilkka

Baiskeli ya Hilkka ilikuwa ya kijani, yenye kikapu mbele, na Kauko aliing'oa gurudumu mwezi wa tatu bila kumwomba ruhusa. Mwenyewe alikuwa dirishani, anamtazama. Spana nilishika mimi, kwa hiyo sina la kujitetea.

"Haendeshi tena, Veijo," Kauko aliniambia. "Inaota kutu tu."

"Hata wewe unaota kutu, na hakuna anayekung'oa kitu."

"Ningekuwa na kitu kinachozunguka bado, ungekuwa umeshaking'oa."

Ndivyo tunavyosemezana hapa Puumala. Mtu akikujibu moja kwa moja, ujue anaumwa. Tumekuwa majirani miaka thelathini, na karakana yake naifahamu kuliko sebule yangu. Humo Kauko huchonga visamaki vya mti vya kuwahadaa samaki wakubwa wa ziwani, wale wenye meno. Yeye huchonga na kupaka rangi. Mkewe Hilkka ndiye aliyekuwa akivitia macho, na tumboni akiandika jina kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko mdogo uliolala upande mmoja. Kisha huvichukua ndani ya nyumba. Asubuhi huvirudisha, na Kauko huvipaka vanishi.

Vanishi yenyewe ni ile ya kuchanganya mikebe miwili, nzito kama asali. Ukiipaka na kuondoka, inateremka na kujaa upande mmoja, na kisamaki hicho ukikivuta majini kinakwenda kama mlevi anayetafuta mlango. Lazima kigeuzwe saa nyingi hadi ikauke. Miaka arobaini na moja Hilkka alivigeuza kwa mkono, amekaa kwenye kreti na soksi anayoifuma, kila dakika tano. Kauko hakuwahi kumshukuru nikasikia, wala mimi sikuwahi kuona kuwa ni kazi.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa. Maneno nayo yakaisha, yakabaki "ndiyo" na "siyo", na hayo mawili mara nyingi aliyachanganya, anataka kahawa huku anasema siyo. Ila kabla ya hapo alikuwa ameshaandika visamaki vitano, kimoja kwa kila mjukuu: Venla, Niilo, Oiva, Iida, Aapo. Vilining'inia ukutani majira yote ya baridi, bila vanishi.

"Mkono ule hautaandika tena," Kauko alisema. "Hii ndiyo barua yake ya mwisho kwa watoto. Siwezi kuiharibu."

Mikono yake mwenyewe inatetemeka, na hawezi kukaa dakika kumi. Ndiyo maana akataka mashine ya kuvigeuza. Mimi nilikuwa fundi umeme, nikamletea mota ya sahani ya maikrowevu iliyokufa, inayozunguka polepole. Tulilifunga gurudumu la baiskeli kwenye mhimili wake, tukakaza vibanio vya nguo kwenye rimu. Mota hiyo ina kiburi: leo ukiiwasha inakwenda kulia, kesho kushoto, yenyewe ndiyo inayoamua. Tuliijaribu wiki mbili kwa vipande vya mbao. Kauko alikuwa akisimama mbele yake amekunja mikono, ameridhika, nami namwonea gere kidogo kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, barafu ya ziwani imeshakuwa nyeusi, karibu kuyeyuka. Kauko alimsukuma Hilkka kwenye kiti chake cha magurudumu hadi karakanani ajionee.

"Mama, tazama. Kuanzia leo umestaafu!"

Hilkka akalitazama gurudumu lake. Kisha akatia mkono wa kushoto mfukoni mwa sweta, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Akamnyooshea Kauko. Akakitikisa.

Kichupa hicho tulikifahamu sana. Kila mara walipokwenda dukani Hilkka alinunua kingine, na kucha zake hazikuwahi kung'aa hata siku moja. Kauko alimtania kwa hilo miaka yote: "Unajipamba usiku, sangara waje wakuchumbie?" Naye alitabasamu tu, akakiweka mfukoni.

"Umeona, Veijo? Leo anataka apendeze."

"Basi mpake bibi yako," nikasema. "Sherehe haikosi bibi harusi."

Hayo maneno yalitoka kinywani mwangu. Ningeweza kuyarudisha ningeyarudisha hata kwa meno.

Kauko akakaa kwenye kreti, akaushika ule mkono uliokufa, akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Siyo," Hilkka akasema. "Siyo, siyo."

"Tulia mama, nitakuchafua."

Akajaribu kukichukua kile kichupa. Kauko akacheka, akaukamata mkono wake wa kushoto pia, akaupaka nao. Macho ya Hilkka yalikuwa kwenye visamaki ukutani, na machozi yakamtoka. Mimi, mjinga mkubwa, nikageuza uso nikidhani ni mapenzi.

Kauko akachanganya vanishi, akavipaka vyote vitano, akavibana kwenye rimu. Nikawasha. Gurudumu likaenda kushoto, bila hata kutikisika. Tukamimina kahawa, nikala mkate wa iliki. Kipande cha pili hakijaisha nikaona jina la Venla linavimba.

Wino ulikuwa unatoka. Kwanza ukungu kando ya herufi, halafu kijimkia, na gurudumu likauzungushia tumbo lote kwa upole ule ule tuliojivunia. Kauko akalizima, akachukua kitambaa, akafuta jina la Venla lote kwa mpanguso mmoja. Hakugusa mengine. Tulisimama tukiyaangalia yakiyeyuka.

"Kalamu ni ile ile," alikuwa akirudia. "Miaka yote haijawahi. Miaka yote!"

Nikatungua kisamaki cha zamani ukutani, nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya jina palikuwa na ukingo mwembamba, chini ya vanishi, na juu ya kila jicho vivyo hivyo. Tabaka lililopakwa kwa brashi ndogo sana, kuukinga wino usiguswe na vanishi. Nilikitazama kichupa pale kwenye kreti, na Kauko akatazama nilipotazama.

Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama. Ulikuwa unanionyesha?"

Safari hii hakuchanganya.

"Ndiyo," Hilkka akasema.

Wajukuu walikuja mwezi wa sita, wakapewa visamaki vyao vyenye wingu jeusi tumboni, na Kauko akawaambia majina yao yalikuwa pale. Kucha za Hilkka zilikuwa zimerefuka, mng'aro umebaki nchani tu. Muuguzi alipokuja na mkasi, Kauko alimwomba aziache kwanza. Nilikuwa mlangoni. Gurudumu nimeshalirudisha kwenye baiskeli, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.