Nilikata simu kabla neno halijaisha, nyumba yangu ikawa oveni

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijatia. Shule niliishia la nne, mwenye kucheka maandishi yangu acheke, lakini nyumba ninayo.

Nyumba yenyewe iko hapa Kampala, juu ya Wandegeya. Nimeijenga kwa kuuza blanketi za mitumba soko la Owino. Ni ya zamani: mabati, silingibodi nyembamba, basi. Ukiingia saa nane mchana unapikwa.

Mimi nilizoea. Mke wangu, Mama Zainabu, ana presha. Akawa anashinda nje kwenye mkeka, kivuli kikihama na yeye anahama.

Mwishowe binti yetu Zainabu akaja kutoka Entebe, akamchukua. "Baba, Mama atarudi nyumba ikipoa."

Wakuu, nyumba bila yule mwanamke ni stoo.

Nikampigia fundi mmoja Mkongo, Papa Jo. Nilikuwa Nakivubo, kelele za teksi. Nikamwambia nataka kulaza blanketi juu ya silingi zizuie joto.

"Ni muzuri, mzee. Lakini ile matundu ya juu ya ukuta, uifung..."

"Najua!" Nikakata simu. Mtu aliyejenga nyumba anafundishwa matundu?

Nikapandisha blanketi zangu grade one. Matundu ya hewa yote nikaziba na simenti. Safi kabisa. Nikajisifu siku tatu.

Siku ya nne kuta zinatoka jasho, mkate unaota ukungu, mimi mwenyewe nahema kama mbuzi wa Idd.

Nikampigia tena Papa Jo. Alipokuja alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mzee! Nilisema uifungule! Nyumba iko na homa, unaifunika blanketi, halafu unaiziba na pua?"

Fungula, wakuu. Kwao ndiyo kufungua. Hata hapa Kampala tunasema hivyo hivyo! Sikungoja neno liishe.

Tukabomoa simenti yote. Blanketi tukazianika, zikarudi juu ya silingi zikiwa kavu. Chini ya mabati tukatandaza karatasi ya kung'aa, tukaacha nafasi hewa ipite, na tundu kila upande wa paa.

Mama Zainabu akaletwa. Akaketi sebuleni saa nane ile ile, akatazama juu.

"Baba Zainabu, miaka yote nilikuwa nakuambia..."

Mdomo ukafunguka kusema najua. Nikaufunga. Nikangoja, wakuu. Ni kazi ngumu kuliko kubeba belo la mitumba.

"...hii nyumba inataka kupumua."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Wewe ulikuwa hufiki mwisho."

Akatandika mkeka wake ndani, akalala usingizi mpaka alasiri. Mimi nikakaa pembeni namtazama, redio nimezima.

Basi, mwenye nyumba ya mabati, zuia joto lakini matundu usiguse. Na mke akianza sentensi, mwache afike.

Wanaojua zaidi mambo ya silingi semeni. Leo nasikiliza mpaka nukta.