Kijana wa Grisi kwenye Bembea ya Nyansiongo

Ningekuwa wewe nisingeamini, kwa hivyo sikulaumu. Nimesoma takwimu chuo kikuu, na kule tulifundishwa kwamba jambo likitokea mara moja si ushahidi wa kitu. Lakini hili lilinitokea mimi, alasiri, mchana kweupe, karibu na Nyansiongo, na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu ila chai.

Kulikuwa na bustani ya burudani kule, katika shamba waliloliacha wazungu. Ilikuwa na mashua bwawani, na bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, iliyosukumwa na injini ya dizeli. Watu wazima wa mji jirani wa Keroka wakikusimulia Krismasi za huko, sura zao zinageuka za watoto. Kisha ilifungwa. Kwa nini? Mmoja atakwambia ndugu waligombania shamba, mwingine atasema injini ilikufa, wa tatu ataapa kwamba bembea ilianza kuzunguka yenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikaamua kuzikusanya hadithi hizo zote nijue ya kweli ni ipi.

Nilikuwa na sababu nyingine. Injini hiyo iliendeshwa na baba yangu mdogo, Onchari. Msimu wa mwisho aliaga asubuhi akaenda kazini, hakurudi. Hakuna maiti, hakuna habari. Nilipozaliwa, familia ilikuwa imekubali kwamba amekufa, nikapewa jina lake, maana kwetu mtoto humrithi marehemu. Ni nyanya yangu tu, Magokoro kama tunavyomwita, aliyekataa. Nyumba ndogo ya udongo ya mwanawe, ile ya ujana wake, huikandika upya kila Desemba. Mwaka huu Baba alisema basi, ibomolewe, nijenge mimi hapo. Nilishaleta mawe.

Nilipofika bustanini, mvua ya mawe ikaanguka. Unaijua mvua ya kwetu, haibishi hodi. Nikakimbilia chini ya paa la bembea. Ilikuwa imebaki nguzo ya katikati na farasi mmoja asiye na kichwa. Kijana wa rika langu alikuwa pale, akiipaka nguzo grisi kutoka kwenye kopo la majarini. Nikadhani ni mlinzi. Tukasalimiana kwa Ekegusii, naye akaniuliza, kama yeyote wa kwetu angeuliza, mimi ni wa nani.

"Wa Ombati," nikasema.

"Ombati ameoa?" Akacheka. "Yule mwoga wa wasichana?"

Baba yangu ana mvi kichwa kizima. Nikadhani anamsema Ombati mwingine. Akaniuliza jina.

"Onchari."

Mkono wake ukasimama. "Nani alikupa?"

Nikamweleza kwamba ni la baba yangu mdogo, marehemu.

"Mlimzika wapi?"

Hapo wewe ungejibu nini? Akanitazama bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyevaa koti lako kwa makosa.

"Jina hilo bado nalitumia," akasema. "Na nyumba je? Umepewa pia?"

Niamini, nilitafuta kila maelezo papo hapo. Labda ni mtoto wa Onchari wa nje ya ndoa. Labda ni tapeli, au mtu wa kijijini anayetufahamu na anataka kunichezea. Sikuwa nimepata la kushika aliposema, "Mwambie Mama, mvua ikikatika nakuja." Akapita nyuma ya nguzo na kopo lake.

Nguzo yenyewe haizidi unene wa mgomba. Niliizunguka. Hakukuwa na mtu, na kule nje mawe ya barafu yalikuwa bado yanadunda.

Kesho yake nilirudi na Baba. Grisi ilikuwa mbichi, kutoka chini hadi pale mkono wa mtu unapofika. Baba akasema ni wezi wa vyuma, wanalainisha nati. Inawezekana. Lakini nilipomwambia kwamba kijana yule alimwita mwoga wa wasichana, aliketi kwenye nyasi zilizolowa.

Magokoro nilimweleza pia. Hakulia. Aliuliza tu kama alikuwa amekonda. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, cha mtu ni cha mtu." Tangu hapo ananiita "wewe". Mawe yangu ya kujengea yameota nyasi. Kitambulisho bado kinasema Onchari, lakini nikiitwa jina hilo kwenye usaili wa kazi, kwanza nageuka kuona kama kuna mwingine atakayesimama.

Niliona nini? Kama yu hai, mbona hakuzeeka? Kama amekufa, jina ni langu, na mbona siwezi kuliitikia?

Juzi jioni, mvua ilipokatika, Magokoro alisimama mlangoni pa jiko akaita, "Onchari!" Mimi na Baba tulikuwa zizini, tukikamua ng'ombe. Sote wawili tulimsikia mtu akiitika kutoka nyumba ya udongo. Magokoro akabeba sahani ya ugali, akaingia nayo. Hatukumfuata.

Basi wewe unayengojea mtoto, usimpe jina la mtu ambaye hujamzika. Na ukijikinga mvua chini ya bembea ile, ukaulizwa jina, mwache mwenzako aseme lake kwanza.