Mwendo wa Kisu cha Kuni

Shemeji yangu alishuka kutoka Lulimba na kikoba kimoja, kikohozi, na tabasamu ambalo sikulipenda. Alikuwa amekaa kule miaka mitatu kwenye machimbo ya dhahabu, na dhahabu yenyewe hatukuiona hata punje. Mume wangu alimkumbatia mdogo wake mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilikwenda jikoni kuongeza maji kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, nikajiuliza: mtu anayeacha dhahabu na kufuata kazi ya kuni ya kaka yake anatafuta nini?

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Sokoni Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakiniona nakuja walianza kuapa kabla sijafika, kwa sababu walijua nitaingiza mkono hadi chini ya beseni kutafuta zilizovunjika. Mume wangu alikuwa kinyume changu. Yeye angemkuta mbuzi katikati ya mahindi angedhani amekuja kuyalinda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Mume wangu alikuwa amefanya kazi ya mekanisie, fundi wa injini, kwa mzungu mmoja wa pamba, na alipotoka pale alibaki na ujuzi mikononi na vyuma chakavu uani. Wanawake waliokausha samaki kwa moshi walitaka kuni fupi, za urefu wa kiganja na nusu, zinazokaa vizuri chini ya chanja. Kuzikata kwa shoka kulikula siku nzima. Basi akachukua ekseli ya nyuma ya lori lililokufa, akaifunga juu ya magogo mawili, akachonga kisu kutoka kwenye springi ya lori hilohilo, akakifunga mahali pa gurudumu. Injini ilikuwa ya mashine ya kusaga mahindi iliyokwisha kazi Kazimia, ikaletwa kwa mtumbwi, ikaunganishwa kwa mkanda. Kisu kilizunguka, na kila kilipopita kilikutana na chuma kingine kilichosimama. Tawi lililokuwa katikati yao lilikatwa kama muwa.

Shida ilikuwa mwendo. Kisu kikienda polepole mno kilikwama kwenye fundo la mti, mkanda ukateleza na kunuka. Kikienda mbio, hatari ilikuwa ya yule anayelisha, maana matawi yalisukumwa kwa mkono: kisu kikate, usukume, utoe mkono, kikate tena. Kikikuwahi kinashika tawi kabla hujaliachia, na tawi linavuta mkono. Aliyelisha alikuwa mume wangu. Aliyeshika gazi, ile fimbo ndogo ya chuma ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, alikuwa shemeji. Sasa unaelewa kwa nini chakula hakikunishuka.

Walijaribu mwendo wiki nzima. Mume wangu hakuwa mjinga, hakuanza na mkono wake; alisukuma matawi kwa kipande cha mgomba. Siku ya kwanza kuni iliruka ikampiga jogoo wangu, tukamla kwa huzuni. Siku ya nne mgomba ulivutwa wote, ukatoka upande wa pili umekatwa vipande vya unene wa mkono wa mtu, na nilipoviona nilikaa chini. Siku ya sita, asubuhi, nilikuwa nyuma ya jiko natwanga mihogo. Nikasikia mashine imetulia, inakata sawasawa, na wale ndugu wawili wanacheka. Nikatoka na unga mikononi niulize kuna nini. Wakanyamaza.

“Munacheka nini?”

“Hapana kitu, mama,” mume wangu akasema. “Tumepata mwendo.”

“Mumeupata wapi?”

Wakatazamana. Shemeji akainama, akafunga gazi kwa waya ili isisogee. Watu wawili wanaocheka wakanyamaza ukifika, hata mtu mwepesi wa kuamini angejiuliza. Mimi nilijiuliza mpaka kichwa kikauma.

Toka siku hiyo nikaanza kumchunguza. Kila asubuhi alifanya vilevile. Aliwasha injini, akaweka mkono kwenye gazi, akageuza uso kuelekea jikoni kwangu. Akasubiri. Akasogeza gazi kidogo, akasubiri tena, akaisogeza, halafu akaifunga kwa waya. Hapo ndipo mume wangu alipochukua tawi la kwanza. Kwa nini mtu anayeendesha injini atazame jikoni? Jibu nililipata upesi: anatazama kama ninamwona.

“We unaangaliaka nini ku jikoni yangu?” nikamuuliza siku moja.

“Hapana kitu, shemeki,” akasema, na tabasamu lile likaja.

Nikaendelea kuwaza. Kwetu mtu akifa, mali yake huenda kwa ndugu zake, si kwa mke, na mke mwenyewe huulizwa kama atabaki kwa mdogo wa marehemu. Mtu akilemaa, ni nani atakayeshika mashine yake? Niliyapanga haya moja juu ya moja, yakasimama vizuri sana. Wiki ile mume wangu akaja jikoni na ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi.

“Mashini imekimbia,” nikasema.

“Mashini iko sawa, mama. Ni mi sikuangalia muzuri.”

Sikumwamini. Alasiri, walipokwenda kuoga ziwani, nilichukua mkaa nikapiga mstari kwenye ubao, pale pale waya ulipofunga gazi. Kesho yake, kazi ilipokwisha, nikaenda kuangalia. Gazi ilikuwa imepita mstari wangu kwa upana wa kidole, upande wa kuongeza. Siku iliyofuata ikawa vidole viwili. Moyo ulinienda mbio kwa hasira, na nitasema kweli, pia kwa furaha. Mtu wa kushuku hafurahii kitu kama ushahidi.

Siku ya tatu nilikuwa natwanga huku nimenyoosha shingo kuona uani. Kazi ilikuwa imeanza zamani, mume wangu analisha, mgongo wake umelowa jasho. Nikamwona shemeji anafungua waya taratibu, mkono wake uko kwenye gazi. Nikatupa mchi nikakimbia.

“Toa mukono! Mi nakuona! Ukigusa ile gazi tena kisha ya kazi kuanza, nitaita batu bote ba Baraka!”

Alitoa mkono kama aliyeungua. Akafunga waya pale pale ulipokuwa. Mume wangu alisimamisha kazi, akatutazama sote wawili, akasema turudi kwenye kazi zetu. Jioni hiyo nilimwekea bugali mbele yake nikamwambia bila kuzunguka:

“Ndugu yako anatafuta mukono yako, baba. Kikulacho ki nguoni mwako.”

“Yule ni damu yangu.”

“Damu ndiyo itatoka.”

Alikula matonge mawili akanawa.

Kesho yake nilitwanga kama mtu anayempiga nyoka. Nilitaka wasikie. Nilitaka kila pigo liwafikie kule uani, mume wangu ajue kwamba nimekasirika na shemeji ajue kwamba sijalala. Mihogo iliruka nje ya kinu nami sikuiokota. Shemeji alitazama jikoni muda mrefu kuliko siku zote, halafu akafunga waya. Injini ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia. Nikasema moyoni: haya, leo nitamkamata mbele ya macho ya mume wangu.

Matawi hayakufika kumi. Nilisikia kishindo kimoja kisichofanana na vingine, halafu mume wangu akaita jina la mama yake.

Kisu kilichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Nilivua kikwembe cha kiunoni nikamfunga mkono, na mikono yangu ilikuwa nyeupe kwa unga, unga ukageuka uji mwekundu. Shemeji alizima injini, akambeba kaka yake mgongoni mpaka dispanseri, mbio, akikohoa njia nzima.

Aliporudi mimi nilikuwa nimekwisha kukusanya majirani. Niliwaonyesha mstari wangu wa mkaa. Niliwaonyesha gazi ilipo sasa. Nilisema kila kitu nilichokuwa nimekipanga tangu alipofika, na ushahidi ulikuwa wazi kwenye ubao hata kipofu angeupapasa. Mzee mmoja wa mtaani akamuuliza shemeji ana neno gani. Aliangalia mikono yake.

“Mukono ku gazi ilikuwa yangu,” akasema.

Alichukua kikoba chake akaondoka siku hiyohiyo kurudi Lulimba. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye njia ya kupanda Fizi, nikafurahi. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi.

Mume wangu aliruhusiwa siku ya tatu. Alipoingia uani kitu cha kwanza alichouliza ni mdogo wake yuko wapi. Nilimweleza nilivyomfukuza, nikingoja anisifu. Akakaa juu ya gogo la mashine, mkono umefungwa kitambaa, akanitazama kwa huruma ambayo iliniogopesha kuliko hasira.

“Hatukuwa na saa,” akasema. “Tungepima mwendo na nini? Siku ile ya sita we ulikuwa unatwanga. Mi nikaona ukipandisha muchi, mukono yangu inatoka. Ukishusha, kisu inakata. Ikakuwa muzuri kabisa. Nikamwambia mudogo yangu, kila asubuhi afuate kinu yako, kisha afunge.”

“Mbona hamukuniambia?”

“Tungekuambia, ungetwanga ya kutupendeza. Mi nilitaka ile yako ya kweli.”

Niliingia nyuma ya jiko nikasimama mbele ya kinu. Nilizihesabu zile siku kwenye kichwa changu. Siku ya upana wa kidole kimoja nilikuwa nimeanza kukasirika. Siku ya vidole viwili nilikuwa nimekasirika zaidi. Kila nilivyomshuku shemeji, ndivyo nilivyotwanga mbio. Na kila nilivyotwanga, ndivyo alivyofuata. Sikulia. Niliulaza mchi chini nikakifunika kinu.

Juma lililofuata nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa linapanda na chumvi na samaki wakavu. Nilimkuta shemeji Lulimba, kwenye kijito, miguu ndani ya maji, anachuja mchanga wa mtu mwingine. Aliponiona alisimama haraka. Nadhani alifikiri nimeleta habari ya kifo.

“Yaya iko namna gani?” akauliza juu ya kaka yake.

“Iko muzima. Ameniambia juu ya kinu.”

Akaangalia maji.

“Niambie kitu kimoja tu,” nikasema. “We ulikuwa na masikio. Hukuona iko mbio?”

“Niliona, shemeki.”

“Sasa mbona hukupunguza?”

Hakuwa na tabasamu, na nilitamani angekuwa nalo.

“Siku ile umenipigia kelele, mi nilikuwa napunguza. Kisha pale niliogopa kuigusa. Kila wakati nikitaka, nilikuwa naona macho yako.”

Mimi ni mke wa kaka yake mkubwa, na kwetu mke wa kaka hapigi magoti mbele ya shemeji mdogo. Nilipiga, palepale kwenye changarawe, wachimbaji wengine wakitazama. Alinishika bega akaniinua kwa aibu.

“Nitarudi,” akasema. “Lakini gazi utashika we. Mi nitabeba kuni.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu alipopona hakuwa na mtu mwingine wa kulisha mashine, kwa sababu hakumruhusu mtu mwingine kuweka mkono pale. Kinu hatukukifuata tena. Alisema mwenye mkono ndiye atakayeita: kila anapoutoa atasema “toa” kwa sauti, na mimi nilinganishe gazi na sauti yake, siku nzima, sio asubuhi tu. Waya tuliutupa. Niliiweka mashine ikaenda polepole mno, mkanda ukanuka, na wanawake wa samaki walinung’unika wakingoja na matenga yao. Niliwaacha wanung’unike.

Nakumbuka asubuhi ile ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yake. Mimi, kama ningekuwa yeye, ningeuliza mara tatu, ningekuja kuishika gazi mwenyewe, ningepiga mstari wa mkaa. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua kutazama, na najua walichokuwa wanangoja. Yeye hakugeuka hata kunitazama. Alisukuma tawi kwa ule mkono wenye vidole vitatu, akaita “toa”, na mimi nikaanza kulia huku nimeshika gazi.