Tugiran na Sikio la Chini ya Daraja

Katika kitongoji cha Sumberwuluh, kando ya mto Wuluh upande wa Solo, kisiwani Java, hakukuwa na harusi iliyofana bila Tugiran. Hakuwa kadhi, wala mpishi. Alikuwa mtu wa spika. Ukitaka muziki wa gamelan usikike hadi ng'ambo, ukitaka hotuba ya mkwe iwafikie hata waliojibanza nyuma karibu na masufuria, ulimwita yeye. Alikuja na mkokoteni uliofungwa nyuma ya pikipiki, umepakia maboksi meusi marefu kuliko mtu, na kabla ya lolote alipuliza kipaza sauti na kusema, "Tes, tes. Moja, mbili." Watoto wa kitongoji walijifunza kuhesabu kwake kabla hawajaanza shule, ingawa wengi walikwama kwenye mbili.

Mwaka ule mto ulipofurika, maboksi yote yalikuwa bandani. Maji yalikuja mchana kweupe, jua linawaka, maana mvua ilikuwa imenyesha huko milimani na hapa haikuanguka hata tone. Yalipopungua, Tugiran alifungua spika yake kubwa kuliko zote akakuta kambare ndani, mzima, anachezesha sharubu. Mkewe, Lasmini, akamkaanga kambare yule akamwandalia kwa wali na sambal ya pilipili.

"Kula, Pak," alimwambia, maana huko mume huitwa Pak, yaani baba. "Leo spika zako zimetupa kitoweo."

Tugiran alicheka, lakini alikula amegeukia ukuta.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo kila wingu lililosimama juu ya milima lilimtoa Tugiran mbio hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu kutazama mto. Aliacha chakula. Aliacha watu wanaongea naye. Siku moja aliacha harusi katikati, bwana harusi ameshika kipaza sauti kinachokoroma, na mwenye vyombo yuko darajani anachungulia maji yaliyolala kama mbwa aliyeshiba.

"Huu mto nimeshauonea wivu," Lasmini alimlalamikia Wening. "Hata mimi tulipokuwa wachumba hakunichungulia hivyo."

Wening alikuwa binti wa mdogo wake Tugiran, mwalimu wa elektroniki katika shule ya ufundi mjini. Msichana mwembamba, miwani mikubwa, ulimi mwepesi. Jumapili iliyofuata alikuja na kitu kidogo kiganjani: kibao cha saketi cha buluu chenye vikopo viwili vya rangi ya fedha vilivyokaa ubavu kwa ubavu kama macho ya bundi.

"Kinanitazama," Tugiran alisema.

"Hakitazami, Pakde." Ndivyo alivyomwita, kama Wajava wanavyomwita kaka wa baba. "Hiki ni kipofu kabisa. Hili moja ni mdomo, hili jingine ni sikio. Kinaitwa kihisi."

"Mdomo unasema nini?"

"Unapiga kelele."

Tugiran alikisogeza sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama anavyosikiliza waya mbovu. "Mbona kimya? Kimekufa."

"Hakijafa. Kelele yake ni nyembamba mno kwa masikio yetu. Popo wangeisikia, tena wangetutukana." Wening akakielekeza ukutani. "Kelele inatoka, inagonga ukuta, inarudi. Sikio likiipata, tunajua imechukua muda gani. Mwendo wa sauti hewani unajulikana. Basi, ukiwa na mwendo na muda, umbali umeshaupata."

Hapo Tugiran akaketi vizuri. Jambo hili alilijua mwilini, hakuwahi tu kuambiwa kwa maneno. Ni mara ngapi aliweka spika katika ukumbi mkubwa wa kitongoji, akasema "tes," na ukuta wa mbali ukamrudishia "tes" yake ikiwa imechelewa?

"Mwangwi!" akasema. "Huyu mdogo anapima kwa mwangwi!" Wening akamsomea muda kwenye skrini ndogo aliyoiunganisha. Tugiran akachukua karatasi, akapiga hesabu ulimi ukiwa nje, akatangaza kwa fahari kwamba ukuta uko mita nne.

Wening akautazama ukuta, ambao hatua tatu tu zingemfikisha. "Mita mbili, Pakde. Sauti imekwenda na imerudi. Gawa kwa mbili. Wewe ukienda sokoni na kurudi, utasema soko limekuwa mbali maradufu?"

"Usimuulize huyo habari za soko," Lasmini alidakia kutoka jikoni. "Huyo akienda harudi."

Wening alimwachia kihisi, skrini ile ya namba, na kibao kingine kilichokuwa ndio ubongo wa kazi yote, akamwonyesha jinsi ya kuunganisha waya. Kwa wiki kadhaa nyumba ile haikuwa na kitu ambacho hakijapimwa. Tugiran alipima kimo cha mchele ndani ya pipa, akaja mezani akiwa na habari kwamba unapungua. Alipima umbali wa mbuzi wa jirani, naye mbuzi akasogea kujua kulikoni, akala waya. Alipoelekeza kihisi kwenye godoro, namba zikaruka ovyo. Alipoelekeza kwa mkewe, aliyekuwa amejitanda shali nene la sufu kwa sababu ya mafua, namba zikapotea kabisa.

"Bu," akasema kwa mshangao, kama mtu anavyomwita mama, "mashine inasema hupo."

"Iambie leo haitakula."

Wening, alipopigiwa simu, alicheka mpaka akakohoa. Vitu laini, alieleza, humeza sauti. Haibaki ya kutosha kurudi. Na kitu kilichoinama huitupa pembeni, kama mpira unavyoruka ukigonga ukuta wa mshazari. "Kipe kitu kisichomeza sauti, kilicholala sawa, kikitazame uso kwa uso."

"Kama maji," Tugiran alisema polepole.

"Kama maji yaliyotulia, ndiyo. Nilikuwa nasubiri ufike hapo, Pakde."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tugiran alishuka chini ya daraja akiwa amefungwa kamba kiunoni, Lasmini ameshika ncha ya juu huku akimsomea dua na kumtukana kwa zamu. Wakafunga kihisi kwenye kibao cha mti, kikitazama chini moja kwa moja. Waya ukapanda hadi kwenye nguzo ya taa, ukaingia katika amplifaya ya zamani iliyonusurika mafuriko, na juu kabisa ikakaa honi ya bati. Maji yakipanda kukaribia daraja, umbali ungepungua. Ukipungua kupita alama waliyoichagua, honi ingelia.

Siku za mwanzo ilikuwa raha tupu. Watu walisimama darajani kusoma namba kwenye skrini iliyofungwa ukingoni, wakaweka dau nani atakisia karibu zaidi, aliyeshindwa akanunua chai. Ni hapo walipogundua kwamba kila adhuhuri mto ulijifanya umepanda kidogo, na jioni ukashuka, ingawa mawe ya kando yalionyesha haukusogea. Wening akasema ni joto. Hewa ikipata joto sauti huenda mbio zaidi, mwangwi huwahi kurudi, na kihisi hudhani maji yamesogea karibu. Akaongeza kipimajoto kidogo pembeni ili ubongo ujue kurekebisha hesabu. Mto ukaacha kupanda na jua.

Ikaja harusi ya binti wa Pak Marwoto.

Marwoto alikuwa mtengenezaji wa tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mtu mpana, mwenye sauti isiyohitaji spika, na harusi ya binti yake wa pekee ilikuwa imesubiriwa kitongoji kizima. Tugiran ndiye aliyefunga vyombo. Bibi harusi alikuwa ameketi, paji la uso limechorwa weusi kwa ustadi kama desturi ya huko, wageni wanapokezana sahani, ndipo honi ya darajani ilipolia. Ililia kama ndovu aliyekanyagwa mguu.

Aliyesema "Mafuriko!" hajulikani mpaka leo. Meza zilipinduka. Marwoto alimbeba bibi yake mzaa mama begani kama gunia la soya. Bwana harusi alimshika mkono mkewe mpya wakapanda juu ya paa la banda la bata. Mpishi alikimbilia kilimani na sufuria lote la rendang, nyama ya tui la nazi, na wengi walimfuata yeye kuliko walivyoikimbia hatari.

Tugiran alikimbilia upande wa pili, kwenye mto. Maji yalikuwa chini, yanametameta, bata wawili wanaelea bila haraka. Akalala kifudifudi darajani akachungulia. Kwenye kibao, mbele kabisa ya mdomo na sikio la mashine, alikuwa amekaa tokek, mjusi mkubwa mwenye madoa, anasubiri nzi. Kelele ilikuwa ikitoka, inamgonga tumbo, inarudi papo hapo. Kwa kihisi, mto ulikuwa umefika darajani.

Jioni hiyo hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Walimcheka tu. Kesho yake alipopita dukani akasikia nyuma yake mtu akiita, "To-kek! To-kek!" Wiki ilipokwisha, hata imamu aliteleza ulimi akamwita Pak Tokek.

"Naing'oa mashine," alimwambia mkewe. Alikuwa ameketi barazani na bisibisi mkononi.

"Ing'oe," Lasmini alisema, akiendelea kuchambua maharage. "Halafu urudi kukimbilia darajani kila wingu likipita, mpaka magoti yaishe. Mimi nitakuwa nakuletea chakula hukohuko."

"Wananicheka, Bu."

"Umewaharibia harusi, ulitaka wakupe hariri? Kuteleza si kuanguka. Mpigie mtoto simu."

Wening alikuja mwenyewe. "Kosa ni letu, Pakde, tena langu zaidi. Tumeamini jibu moja. Mtu akikuletea habari moja ya ajabu, unauliza na wengine, sivyo?" Wakaufundisha ubongo wa mashine kupima mara nyingi mfululizo, kuyatupa majibu yaliyotofautiana na mengine, na kutolia mpaka maji yaonekane yamepanda hatua kwa hatua, kwa kuwa mto hupanda, haurukii darajani mara moja. Wakakihamishia kihisi kwenye mkono wa chuma kinachoteleza, usio na pa kukaa. Tokek alihamia upande wa pili, akaendelea na nzi wake.

Ilikuwa alasiri ya msimu uliofuata wa mvua, mbingu juu ya kitongoji ni buluu safi, nguo zimeanikwa. Honi ikalia.

Hakuna aliyekimbia. Marwoto alitoa kichwa dirishani. "Pak Tokek! Mwambie mjomba wako mjusi ashuke, tumelala!" Mitaa ikaangua kicheko.

Tugiran alikuwa ameshafika darajani. Namba kwenye skrini zilikuwa zinashuka, moja baada ya nyingine, kwa mpango, na chini yake maji yamegeuka rangi ya kahawia, yamebeba matawi. Alirudi mbio nyumbani, akawasha kipaza sauti, lakini pumzi ilikuwa imemwisha. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa ni kuhema. Watu wakacheka zaidi.

Lasmini akamnyang'anya. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukigusa kipaza sauti kile. Alisema kinanuka mate ya wakwe.

"Sikilizeni nyie!" sauti yake ikagonga kila ukuta. "Kama huyu ni tokek, basi leo amemeza mto mzima! Marwoto, mkeo anaanua nguo, wewe beba godoro! Nyie wa nyumba za chini, bibi kwanza, televisheni baadaye! Na atakayecheka namjua, nimeona!"

Kicheko kilikuwepo, lakini safari hii kilikuwa kinatembea. Magodoro yakatoka milangoni, mabibi wakabebwa, mbuzi yule mla waya akavutwa kwa masikio. Tugiran alikwenda nyumba za chini kuwasaidia wajane wawili, na banda lake hakulikumbuka hata kidogo. Aliporudi juu, kando ya msikiti, alikuta maboksi yake meusi yamepangwa mstari, makavu, na Marwoto ameketi juu ya moja, jasho linamtiririka.

"Mazito kama dhambi," Marwoto alisema. "Unaweka nini ndani?"

Tugiran akapapasa boksi moja kwa kiganja. Akaketi kwenye boksi la pembeni. Wakatazama maji yakiingia mitaani, yakafika magotini katika nyumba za chini, yakasimama hapo. Hakuna aliyeumia. Kilichokwenda na maji kilikuwa ni viatu vingi na kuku mmoja mkaidi.

Tope liliposafishwa, walikuja watu wa Karangsengon, kitongoji cha juu zaidi mtoni, na ndizi mkungu mzima, kuuliza kama nao wanaweza kupata sikio lao. Wening akashauri kwamba wakifungiwa kule juu, na mawimbi ya redio yakabeba habari kushuka huku, Sumberwuluh wangejua mapema zaidi. Basi siku ya mapumziko wakapanda wote kwa pikipiki na mkokoteni: Tugiran, Wening, Lasmini na chakula kilichofungwa kwenye majani ya migomba, na Marwoto, ambaye hakualikwa.

Daraja la Karangsengon lilikuwa la mianzi, refu, linayumba. Marwoto akajifunga kamba kiunoni ili safari hii ashuke yeye kufunga kihisi, akampa Lasmini ncha, akamwomba asitukane sana mbele ya wageni.

"Kadiri nitakavyoona," Lasmini alisema, akajiweka sawa.