Mkono Uliozoea Kukata Nyasi

Siku ya kwanza kushika kitara, ule upanga wa mchezo, katika ukumbi mmoja hapa Machakos mjini, Kocha Mkuu alitazama pigo langu moja tu, akashika kichwa. "Wewe dada, umekuja kucheza ama kufyeka?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nikacheka, ingawa aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Alisema kweli. Nimekulia Kivaa, na tangu darasa la tatu nilikuwa nawakatia ng'ombe wetu nyasi. Panga lazima ulivute nyuma kwanza ndipo likate. Kitara ni kinyume. Nyinyi vijana mnaotazama kwa simu mnaona taa mbili zikiwaka tu, angalieni mkono. Wachezaji wakigusana kwa pamoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, taa zote mbili huwaka, na mwamuzi humpa pointi aliyeanza kushambulia, yule aliyetanguliza mkono. Ukiuvuta nyuma, umempa mwenzako haki hiyo bure.

Basi Kocha Mkuu akanisimamisha mgongo ukiwa ukutani, mwaka mzima. Kiwiko kikigonga ukuta, naanza upya. "Ukuta hauna huruma, na mimi pia sina," alikuwa akisema. Mzee yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini chai ya themosi yake tulikunywa pamoja. Wiki nzima nilishona suruali kiwandani kule EPZ, Jumamosi napigana na ukuta. Mwishowe nikaingia timu ya taifa, nikacheza Senegali, Algeria, Misri. Kila safari Katibu wa chama alitusindikiza uwanja wa ndege akisema, "Msiniangushe!" Utadhani ni yeye atakayepigwa.

Donda langu liko Misri. Yalikuwa mashindano ya Afrika, na mshindi wa mechi ile angeenda ya dunia. Kumi na nne kwa kumi na nne, imebaki pointi moja. Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa ameomba kanisa zima liniombee. Nilikuwa nimechoka, nikaogopa, na mkono ukakumbuka kwao: ukarudi nyuma kidogo tu. Taa mbili zikawaka. Mwamuzi akaonyesha upande wa pili. Nikavua barakoa, nikamsalimu mpinzani kwa kitara, nikampa mkono kama sheria inavyotaka, kisha nikalia mbele ya watu wote.

Nyumbani nikamwambia Mwaitu, "Ni hii mkono ya panga imeniangusha."

Akanipa panga. "Haya, ng'ombe haijakula."

Wooi! Kila pigo lilitangulia mbele, nyasi zikalala tu bila kukatika. Mwaitu alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa hata nyasi imekushinda!" Kisha akanishika kiganja, kicheko kikaisha. "Usitukane hii mkono. Nikiwa mgonjwa, ndiyo ilishikilia hii boma."

Sikuwahi kufika tena karibu hivyo na mashindano ya dunia, na bado inaniuma. Nina miaka arobaini na moja; kwa mchezo huu mimi ni nyanya. Nimestaafu, nafundisha katika ukumbi ule ule.

Juzi alikuja msichana mgeni. Pigo la kwanza, kiwiko kikaenda nyuma kabisa. Wenzake wakaanza kucheka. Maneno ya Kocha Mkuu yakanifika mdomoni, nikayameza.

"Kwenu mko na ng'ombe ngapi?" nikamwuliza.

"Tatu, mwalimu. Umejuaje?"

"Huo ni mkono mzuri," nikamwambia, nikampeleka ukutani.