Mpishi wa Kwa Mtaliano Aliyefungiwa Lango la Kwao

Umande haujakauka, na Kobugabe ameshakunja mikono ya gauni anakanda unga wa ngano na mayai. Anautandaza kwa chupa tupu ya divai mpaka unakuwa mwembamba kama kitambaa, kisha anaukata nyuzi nyuzi. Hizo ndizo tambi wanazozifuata wahandisi wa machimbo ya bati hapa Kyerwa, katika hoteli ambayo kila mtu huiita Kwa Mtaliano.

Mwenye hoteli, Bwana Renato, aliletwa Afrika akiwa mateka wa vita, na vita ilipokwisha hakurudi kwao. Hupika akiimba na kugombana na sufuria. Cassian, mhudumu kutoka Bukoba, humwiga nyuma ya mlango mpaka jikoni watu wanashika mbavu. Kobugabe naye hucheka, ila kicheko chake hakikai.

Mjane huyu wa Bugomora ametoka katika ukoo wa wafugaji, na kwao maziwa hayachemshwi. Ukiyatia motoni, wanasema, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa huharibika. Ndiyo maana alipoanza kazi alipatana na Bwana Renato: maziwa ya jibini yanunuliwe kwa wachuuzi wasiojali mwiko huo, ya kaka yake, Muhangi, yatiwe mabichi katika chai ya Wazungu, basi.

Mwaka jana, siku moja wageni walipofurika, maziwa ya wachuuzi yaliharibikia njiani. Kobugabe alikuwa bustanini akichuma nyanya. Aliporudi alikuta chombo cha mti cha kaka yake kitupu, na maziwa yanatokota jikoni. Bwana Renato, aliyeyatia motoni, hakuona kosa. Maziwa ni maziwa, alisema.

Cassian alimshauri anyamaze. Hakunyamaza. Alikwenda kwao, kwenye boma la ng'ombe la Muhangi, kumweleza, ili afanye yanayopasa kimila kabla ng'ombe hajadhurika.

"Nilidhani nikisema mwenyewe atanihurumia," anasema, akipangusa unga shavuni. "Akaniambia, 'Umechoma ng'ombe wa baba. Usivuke tena lango hili.'"

Ndani ya lango hilo yumo Natukunda, binti yake wa miaka sita. Analelewa huko kwa sababu kambi ya machimbo, anakolala mama yake, haipokei watoto wa vibarua.

Ng'ombe hakupata lolote. Mpaka leo anakamwa vizuri, na amezaa tena.

"Ng'ombe mwenyewe ameshakusamehe, dada," Cassian humtania. "Kaka yako anangoja nini?"

Kobugabe hamlaumu Muhangi. Anasema alilinda mali ya ukoo, na angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo. Kinachomla ni Jumapili, akitoka kanisani, anaposimama nje ya ua na mtoto yuko ndani. Juzi alimpenyezea andazi. Natukunda aliliangalia, akaficha mikono mgongoni.

"Mama, mkono wako una moto," akasema, kama anavyosikia wakubwa wa boma wakisema, akaenda zake kucheza na ndama.

Sasa Kobugabe amepata chumba Kituntu, kando ya barabara. Atapika ndizi na maharage, na tambi kwa atakayezitaka. Maziwa hatayagusa kabisa. Muhangi ametuma neno kupitia kwa katekista kwamba, akiacha jiko la Mtaliano, mwanawe atarudishiwa.

"Najua mtoto atakikataa chakula changu," anasema. "Akikataa, nami sili. Tutalala na njaa wote wawili, mpaka anizoee."