Alama Kutoka Jikoni

Wanamwita Antena kwa sababu ya urefu na wembamba wake, na kwa sababu ya kazi yake. Hakuna anayekumbuka kipi kilitangulia. Gereji yake ya mabati iko mwisho wa barabara ya malori, na humo, kwa miaka thelathini na moja, amekuwa akifunga redio za mawasiliano kwenye magari: zile za kubonyeza, kuongea, kuachia, kusikiliza. Madereva bado wanazitaka. Huko milimani simu hufa, na dereva aliye mbele akikuta daraja limeondoka, ndiye macho ya wote walio nyuma.

Mkewe wanamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Jikoni kwao, kwenye rafu, kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta, kuna redio kama hizo anazofunga mumewe. Kila Antena anapomaliza kazi humpa dereva maiki na kumwambia, "Haya, msalimie Mwalimu." Dereva husalimia. Umbali wa kilomita moja na nusu, mwanamke mwenye unga mikononi hubonyeza kwa kiwiko na kutoa alama, kuanzia moja hadi tano.

Kwa miaka mingi tano yake ilikuwa adimu. "Tatu," angesema. "Unaongea kama mtu aliyeziba mdomo kwa shuka." Au, "Nne kasoro. Una nyuki nyuma yako." Nyuki, kwa lugha ya hao wawili, ni ule mlio wa injini unaopenya kwenye waya wa umeme na kupanda juu ya sauti ya mtu. Mwenye kuongea hausikii. Husikika upande wa pili tu. Basi Antena alifungua tena skrubu, akamtafuta nyuki mpaka akampata. Dereva aliyepata tano aliinunulia gereji nzima soda, yaani Antena na paka.

Mwaka huu tano zilianza kumwagika. Lori la saruji, tano. Lori la ng'ombe, tano. Basi bovu lenye nyaya kama utumbo, tano. Antena alidhani mikono yake hatimaye imekomaa. Mtu anaweza kudhani hivyo akiwa na miaka sitini na mbili, asubuhi, chai ikiwa imekolea.

Ndipo akarudi dereva wa lori la maziwa.

"Fundi, redio yako imenitia aibu," alisema kabla hata hajashuka. "Nipo mlimani naita, wenzangu wanasema wanasikia mtu yumo ndani ya pipa anakaanga karanga."

"Si ulipata tano?"

"Nilipata! Na soda ulikunywa."

Antena alipanda kwenye ngazi akaifungua antena iliyokuwa imekazwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Aliliinua bamba lake la kukazia. Chini yake rangi ya lori ilikuwa nzima, nyeupe, inang'aa. Hakuwa ameikwangua. Jambo la kwanza analolijua fundi wa redio ni hilo: antena peke yake ni nusu tu, bodi ya gari ni nusu ya pili, na lazima chuma kiguse chuma. Alikuwa amewafundisha watu hilo akiwa bado na nywele nyeusi. Mikono yake ilisahau.

Lakini si hilo lililomuuma. Mikono yake ilikuwa imesahau mara nyingi huko nyuma. Fundi asiyesahau hajazaliwa. Kila mara sauti ya jikoni ilimrudisha. Safari hii haikumrudisha.

Alikwangua rangi kwa msasa, akakaza upya. Aliona pia plagi iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti pale dashibodi.

"Na umeme nilikwambia tuutoe kwenye betri moja kwa moja, nyuki asiingie."

"Bosi hataki waya upite kwenye injini, Fundi. Acha hapohapo, panatosha."

Antena hakubishana. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akaichukua maiki, akabonyeza. Kisha hakusema kitu. Alihesabu hadi tano moyoni, akaachia.

"Tano," alijibu Mwalimu kwa uchangamfu. "Safi kabisa. Utadhani uko hapa jikoni."

Dereva wa maziwa alimtazama. "Fundi, mbona hujaongea?"

"Nimeongea kimoyomoyo."

Aliirudisha maiki kwenye kishikio chake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alikuwa ameelewa. Redio ya jikoni ina mshale mdogo unaopanda mawimbi yanapoingia, na kutoka gereji mawimbi hufika na nguvu zote hata kama yamebeba pipa na karanga, au hayakubeba sauti yoyote. Mkewe alikuwa akiusoma mshale. Alikuwa hasikii.

Mchana alikwenda kula nyumbani kama kawaida. Alimtazama mkewe akipakua: alivyogeuza uso mzima kumsikia, alivyotazama midomo yake na kucheka nusu pumzi baada yake. Mambo haya yalikuwepo kwa miezi, na yeye aliyadhani ni mapenzi ya uzeeni. Labda yalikuwa hayo pia. Alitaka kusema, akaomba chumvi. Gerejini wateja wawili walikuwa wanasubiri. Aliwaambia spea hazijafika. Asingeweza kuendelea kuomba alama zisizo alama, na asingeweza kuacha kuziomba. Mwanamke yule alipanga siku zake kuizunguka redio ile. Hata unga aliukanda palepale chini ya rafu. Kumwambia "pumzika" ilikuwa sawa na kumzimia taa akiwa bado anasoma.

Siku nne hakufunga redio yoyote. Siku ya tano alisimama mbele ya rafu yake ya gereji akachagua, na safari hii mteja alikuwa yeye.

Ilikuwepo redio ndogo yenye taa za rangi, inayopendwa na madereva vijana. Aliiacha: spika yake ni kama kifuniko cha chupa. Ilikuwepo ya katikati, bei nafuu. Akaiacha. Alichukua ile kubwa, yenye sura mbaya, iliyokaa miaka miwili bila mnunuzi. Ina kifundo kinene cha kupunguza mikwaruzo na tundu la kuchomekea spika ya nje. Kwenye antena hakusita: fimbo ndefu ya mita moja na nusu, kwa kuwa zile fupi za kujikunja ni za kumpendeza mtu wa macho na kumuudhi mtu wa masikio. Kisha akafika kwenye kitako cha kuishikilia juu ya paa, na hapo akawa mwoga. Alichukua cha sumaku. Sumaku haiachi kovu.

Gari lilikuwa pikapu yao ya bluu, na pikapu ilikuwa ya Mwalimu. Ndiye aliyeidunduliza, ndiye aliyeiendesha. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amemnyooshea mumewe kidole: "Hili usinitobolee." Madereva walikuwa wakimcheka Antena kwamba anatoboa magari ya watu na lake analifunika blanketi.

Mwalimu alimkuta uani, redio mapajani, sumaku mkononi.

"Nani kaagiza?"

"Sisi," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Usinipigie kelele, mimi si lori." Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kulia kwa mumewe, kisha akainuka akahamia kushoto kwake. Alikunja khanga magotini. "Yule wa maziwa alirudi, eh?"

"Alirudi."

"Nilijua. Siku ile uliponyamaza hewani nilijua baadaye, nilipokuwa naosha vyombo. Nikajiambia, mume wangu hajawahi kumaliza kuongea bila kukohoa."

Antena aliitazama sumaku. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zile kubwa. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linasikia, ila linataka kubembelezwa. Mwanzo nilidhani ni redio imeharibika. Nikaipiga makofi, maskini."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Na wewe vidole vyako vinasahau, uliniambia?" Hakusema kwa hasira. "Nilidhani nikikwambia utanitoa pale rafuni, mimi na redio yangu, uniweke na vile vikombe vya wageni. Nisipotoa alama, nitakaa jikoni nikisikiliza nini?"

Paka alipita. Wote wawili walimfuata kwa macho kama jambo la maana.

"Nani kakwambia nataka kukutoa," alisema Antena, akijikwaa. "Nataka kukusogeza. Kutoka jikoni mshale umekuwa mwongo kwa sababu tuko karibu mno. Ukiwa kule mlimani kwenye tangi la maji, kilomita tisa, mshale haupandi ovyo, hauwezi kumficha mtu. Na spika nitaifunga kwenye egemeo la kiti chako, hapa, nyuma ya sikio la kulia. Kubwa. Ya basi."

Mwalimu alifikiri. Halafu akaigusa sumaku kwa ncha ya kiatu.

"Na hii ya nini? Si wewe unayewaambia watu kwamba sumaku ni ya waoga?"

"Ulisema nisitoboe."

"Nilisema nikiwa na masikio mawili. Toboa."

Alipima katikati ya paa kwa uzi mara tatu. Mwalimu aliingia ndani ya gari, akashika kitambaa chenye maji chini ya alama ili vumbi la chuma lisimwagikie viti. Keekee ilipopenya, bati la bluu lililia mlio mrefu, na aliyekuwa ndani alifumba macho. Baadaye alisema aliusikia vizuri sana, huo.

Antena alikwangua rangi kuzunguka tundu kwa ndani. Alipodhani amemaliza, mkewe alipitisha kidole polepole, akakisimamisha.

"Hapa bado."

Alikwangua. Kidole kikapita tena.

"Na hapa."

Waliendelea hivyo, yeye na msasa, mkewe na kidole, mpaka chuma kikawa uchi pande zote. Akafunga mpira wa kuzuia mvua, akakaza fimbo, akavuta waya mwekundu na mweusi kutoka kwenye betri yenyewe, kila mmoja na fyuzi yake. Mwishowe alimkalisha mkewe kwenye kiti akaisogeza spika kulia, juu, chini, akielekezwa kama na mteja mkorofi, mpaka Mwalimu aliposema, "Hapo. Usiiguse."

Asubuhi iliyofuata walimwita dereva wa maziwa. Mwalimu alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye tangi, peke yake, na chupa ya chai. Antena alibaki gerejini na mikono isiyojua pa kukaa.

"Msalimie Mwalimu," alisema. "Washa injini kwanza."

Dereva alibonyeza. "Shikamoo, Mwalimu! Maziwa hapa. Unanipataje?"

Spika ilitoa pumzi tupu. Antena aliitazama fimbo iliyotetemeka kwenye mkono wa kioo. Rangi ilikuwa imekwanguliwa, hilo alikuwa na hakika nalo. Kisha akaiona ile plagi kwenye tundu la kiberiti, na moyo wake ukaruka. Alikuwa ameisahau, na sasa ilikuwa imekaa pale kama swali kwenye karatasi ya mtihani. Angeweza kuichomoa. Hakuichomoa. Alijikuta akiomba, mtu ambaye maisha yake yote aliomba tano, kwamba isiwe tano.

"Marahaba," ilisema sauti, ndogo na kavu, kutoka mlimani. "Ongea tena. Usizime injini."

"Niongee nini? Haya. Moja, mbili, tatu. Maziwa, mtindi, siagi."

Antena alimwona akilini: kichwa kimelala kwenye egemeo, macho yamefumbwa, kifundo kinene kati ya vidole viwili.

"Tatu," alisema Mwalimu.

"Tatu!" Dereva aligeuka. "Fundi, umesikia huyu mama?"

"Una nyuki," iliendelea sauti. "Tena mzinga mzima. Umeme umeutoa wapi, wewe?"

Dereva aliitazama plagi, akamtazama Antena, ambaye alikuwa amempa mgongo na kushika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, nipe hata nne. Soda nitanunua."

"Mtihani unarudiwa. Mpe maiki mume wangu."

Antena aliichukua. Alibonyeza, akakohoa.

"Huyo ndiye yeye," alisema Mwalimu. "Nakusikia."

Akaachia kitufe. Kisha akaichomoa plagi, akaitia mfukoni, akampiga dereva begani.

"Fungua boneti," alisema, kwa furaha ambayo yule mtu wa maziwa hakuielewa kabisa. Tangu lini fundi akafurahia tatu?